Ami Anataka Nifunge Breka Umeme Ukiwa Hai

*Mimi ni fundi umeme katika hoteli moja ya Shangani, nyumba ya kizamani ya ghorofa tatu. Mwenye hoteli ni ami yangu, ndugu wa marehemu baba, na ndiye aliyenisomesha mpaka nikapata cheti. Mwezi uliopita mimi na mwenzangu tulikuwa tunakaza nati za basba, zile pau za shaba zinazogawa umeme, kwenye paneli kuu iliyo chini ya ngazi. Umeme haukuzimwa kwa sababu wageni walikuwa ndani. Spana ikamponyoka mwenzangu, ukatoka mwanga na kishindo, nyusi zikaungua, na mpaka leo analalamika jicho kama lina mchanga. Ami alisema ni cheche tu, mafundi wa zamani walikuwa wakifanya hivyo kila siku. Kando ya paneli ndipo ilipo mashine ya kufulia, na dada anayefua husema ikijaa maji inamng'ata vidole, kwa hiyo huvaa kandambili. Sasa zimenunuliwa AC sita mpya, na Februari, wiki ya tamasha la Sauti za Busara, vyumba vyote vimeshachukuliwa. Ami anataka niongeze breka bila ya kuzima. Nikikataa ataniona sina shukrani. Nikikubali, roho haitulii. Je, naogopa bure? – Fundi, Shangani*

Kijana wangu, huogopi bure.

Lakini barua yako imebeba hatari mbili, na wewe umeshughulishwa na ile iliyotoa kishindo. Mimi iliyonishtua zaidi ni ile uliyoipitia kwa sentensi moja, mashine inayomng'ata dada vidole. Hiyo haingoji ruhusa ya ami. Kaichomoe sasa hivi, plagi yake izungushie tepu mtu asije akaichomeka kwa kusahau, na mashuka yafuliwe kwa mkono au yapelekwe kwa dobi mpaka mashine ipimwe.

Sababu ya haraka yangu ni hesabu unayoijua tangu skuli. Umeme wetu ni volti 230. Mikono iliyoroa maji na sabuni haizuii kitu. Mwili unabaki na ukinzani wa kama omu 1,000, wakati mwingine pungufu. Gawanya, utapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Kuanzia miliampea 10 hivi misuli hukaza na mtu akashindwa kukiachia alichokishika. Miliampea 30 zikipita kifuani kwa muda zinaweza kuuvuruga moyo ukaacha kusukuma damu. Breka ya ampea 16 haina habari na mambo hayo. Kwake yeye, miliampea 230 ni taa moja ya wati 50 imewashwa. Mtu ataanguka na breka imekaa vile vile.

Kinachomhifadhi dada huyo ni kandambili peke yake. Siku atakayosimama pekupeku kwenye sakafu iliyomwagikiwa maji, au akashika bati la mashine kwa mkono mmoja na bomba kwa mkono wa pili, umeme utatoka mkono kwenda mkono, na moyo uko njiani.

Mashine inayong'ata inakwambia mambo mawili kwa pamoja: umeme umefika kwenye bati, na waya wa ethi haufanyi kazi. La kwanza ni ubovu wa mashine, la pili ni ubovu wa nyumba, na la pili ndilo linalonitisha, kwa sababu waya huo huo huenda ndio unaotegemewa na birika za vyumbani, friji na pampu ya maji. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Kuta zake hunywa maji ya mvua na unyevu wa bahari, na hewa ya chumvi hula viungo vya waya ndani ya vijisanduku mpaka nati ikabaki kutu tupu. Usiridhike kuona waya wa kijani na njano umefika kwenye soketi. Upime, kutoka soketi mpaka kwenye rodi ya ethi iliyo ardhini, kisha rodi yenyewe ipimwe kwa mita ya ethi. Mwamba wa matumbawe haupokei rodi kirahisi. Wengine huipiga nusu, wakakata iliyobaki na kufukia. Na ikibidi kutoboa ukuta kupitisha waya mpya, ami apate kwanza idhini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwani mji wote uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000.

Baada ya hapo, weka breka inayokata umeme ukivuja, ile yenye kitufe kilichoandikwa T, ya miliampea 30. Mashine ya nguo, jikoni, pampu, mabafu, vyote vipite hapo. Kitufe kibonyezwe mara kwa mara, lakini ujue kinajaribu breka tu, hakikuambii kama ethi ni nzima. Na ujue pia kwamba mtu akishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, breka hiyo haitamwona.

Sasa tuingie chini ya ngazi.

Mwenzako hakupigwa na umeme. Umeme haukupita mwilini mwake. Ulipita hewani, baina ya basba na basba, pale spana ilipozigusa zote mbili. Hewa ikishika moto wa namna ile inageuka kuwa njia ya umeme, na mwale unaweza usizimike mpaka fyuzi au breka ya juu ikate. Joto ndani yake linaweza kufika nyuzi 19,000 za Selsiasi, zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua. Shaba haiyeyuki tu, inakuwa mvuke, na mvuke huo unataka nafasi mara 67,000 kuliko shaba ilipokuwa kipande kizima. Kishindo mlichokisikia ndicho hicho. Mhandisi Ralph Lee aliandika juu ya jambo hili Marekani mwaka 1982, akiwaonesha wenzake kwamba fundi anaweza kufa kwa kuungua bila ya kugusa waya wowote. Siku hizi zipo kanuni za kulikadiria: NFPA 70E, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1979 na baadaye ikaingiza hatari hii, na IEEE 1584 ya mwaka 2002, iliyopitiwa upya mwaka 2018. Ngozi hutoka malengelenge ikipokea kalori 1.2 tu kwa kila sentimita ya mraba. Uso wa fundi aliyeinamia paneli uko kama sentimita 45 kutoka kwenye basba.

Ukitaka kujua mripuko unaweza kuwa mkubwa kiasi gani kwenye paneli yako, usiangalie paneli kwanza. Toka nje uitazame transfoma ya mtaa. Kama ni ya kVA 500, kwa kazi ya kawaida hutoa kama ampea 720. Ikipata shoti karibu yake, na ukinzani wake wa ndani ni asilimia 4, inamwaga ampea 18,000. Kadiri waya wa kuingilia ulivyo mfupi na mnene, ndivyo sehemu kubwa ya ampea hizo inavyofika chini ya ngazi yenu. Kisha uliza: nani atazikata, na kwa muda gani? Hapa ndipo ninapotaka uwe mkali. Kwenye nyumba za zamani nimekuta fyuzi kuu iliyoungua zamani, na badala yake umekunjwa waya wa shaba mara tatu ukakazwa. Fyuzi ya sawa ingekata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Waya ule unakaa sekunde nzima, pengine zaidi, na moto unaomfikia fundi unaongezeka kwa kadiri ya muda. Mwenzako ameokolewa na spana iliyoruka. Ingekwama baina ya basba, ungeniandikia barua nyingine.

Kwa hiyo ami anaposema mafundi wa zamani walifanya hivyo kila siku, mimi nasema mambo mawili. Waliofanya wakapona ndio tuliobaki kuwasikia. Na umeme wa siku zao si huu. Waya wa kwanza wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Ras Fumba, uliletwa mwaka 1980 na uwezo wake ulikuwa megawati 45. Wa pili, ulioanza kazi mwaka 2013, ni wa megawati 100. Nyumba iliyokuwa na taa na feni leo ina AC kila chumba, na mitaa imewekewa transfoma kubwa zaidi. Paneli ile ile ya chini ya ngazi imekaa na nguvu ambayo aliyeifunga hakuifikiria.

Namna ya kuikadiria kazi yako, basi, inaanza na suala moja kabla ya glavu na kabla ya hesabu: umeme unaweza kuzimwa? Kuna mahali suala hili ni gumu. Hospitali yenye mgonjwa juu ya meza ya upasuaji, au kipimo ambacho hakipimiki mpaka umeme uwepo. Hoteli siyo mahali hapo. Wageni kukosa AC saa tatu ni usumbufu, na usumbufu si sababu ya kufungua paneli ikiwa hai. Jibu lako ni kwamba unaweza kuzimwa, na kazi yote inayobaki ni kuhakikisha umezimika kweli.

Na hilo kwa Unguja lina mtego wake, ambao nauogopa zaidi kuliko spana. Desemba 2009 umeme wa kutoka Bara ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Kabla yake, Mei 2008, tulikaa karibu mwezi mzima. Watu walinunua majenereta kwa pupa, na mengi yalifungwa kwa pupa ile ile. Hoteli yenu bila shaka inalo. Sasa fikiri: unashusha meni swichi ili ufanye kazi salama, jenereta ya kujiwasha inaona umeme wa ZECO, shirika la umeme, umekatika, inahesabu sekunde chache, inanguruma, na basba ulizozishika zinakuwa hai tena. Paneli umeizima mwenyewe na umeiwasha mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kushusha meni, jenereta iwekwe kwenye ofu, waya hasi wa betri yake uchomolewe, na chenjiova, swichi ya kuchagua baina ya umeme wa shirika na wa jenereta, ifungwe kwa kufuli ikiwa katikati. Kama kuna sola na betri juu ya dari, nazo zikatwe. Na ukikuta jenereta imeungwa kwenye paneli bila ya chenjiova yoyote, simamisha kila kitu umwambie ami siku hiyo hiyo. Umeme wa jenereta ukirudi nyuma mpaka kwenye transfoma, unapanda kuwa wa volti 11,000, na fundi wa shirika aliye juu ya nguzo akiamini laini imekufa ndiye atakayeupokea.

Kila anayetia mkono ndani ya paneli awe na kufuli yake, na ufunguo ukae mfukoni mwake mwenyewe, si kwa meneja, si juu ya kaunta. Kufuli ya kawaida ya Darajani inatosha. Kibandiko kiandikwe jina na saa. Kisha upime, na usipime kwa bisibisi yenye kitaa. Chukua mita, ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, pima paneli (fezi kwa fezi, kila fezi kwa nyutro, kila fezi kwa ethi), kisha rudi uijaribu tena pale penye umeme. Mita iliyokufa katikati ya kazi huonesha sifuri kama vile paneli iliyokufa. Mpaka umalize hapo, paneli ihesabu kuwa hai, na uvae kwa hesabu hiyo: glavu za umeme zilizopimwa, zenye ngozi juu yake, ngao ya uso, na nguo za pamba za mikono mirefu. Glavu za kuoshea vyombo hazimo. Fulana ya poliesta yenye nembo ya hoteli ivue kabisa, maana inayeyuka na kugandana na ngozi. Asiyekuwa fundi asikaribie zaidi ya mita moja. Na wewe mwenyewe, ndani ya sentimita 30 usiingie bila ya vifaa hivyo.

Kitu kimoja zaidi ambacho vijana wengi hawakiangalii. Meni ikiwa chini, nati zake za juu, zile zinazopokea waya wa kuingilia, bado ziko hai. Kama breka mpya inakulazimu kufika huko, kazi hiyo si yako peke yako. ZECO ndio wenye lakiri, ndio wakate kutoka nje. Na usiikate lakiri.

Kuhusu AC zenyewe: moja ya BTU 12,000 inakula kama kilowati 1.2, sita ni zaidi ya kilowati 7, yaani ampea 31 juu ya mzigo uliopo. Je, waya wa kuingilia unazimudu? Ukifunga breka nzuri juu ya waya uliochoka, utahamisha moto kutoka paneli kwenda ukutani. Mzigo upimwe saa za jioni, wageni wote wakiwa ndani, na ikihitajika ami aombe ZECO waongeze.

Nimerefusha ya ufundi. Tuje kwa ami, maana najua hapo ndipo barua yako ilipotoka.

Usimwambie mbele ya wafanyakazi wala mbele ya wageni. Mfuate nyumbani baada ya isha, au mkae barazani alasiri, na nenda na karatasi. Mtu mzima hapendi kuambiwa "siwezi" na mtoto aliyemlea, lakini atasikiliza "nitaifanya, ila namna hii." Mwambie hivi: "Ami, kazi yako n'taifanya na n'taifanya vizuri. Naomba saa tatu za giza, Jumanne kuanzia saa nne asubuhi, wageni wakishaondoka kwenda Jozani na kwenye mashamba ya viungo. Taarifa ya wageni nimeshaiandika, hii hapa. Wiki ya Busara isifike hatujamaliza." Kama siku haipatikani kabla ya tamasha, AC zisubiri. Vyumba vile vilikuwa na feni mwaka jana na wageni walilala.

Akikurudia na habari ya cheche, mpeleke mwenyewe mpaka chini ya ngazi na umuoneshe. Paneli iko chini ya njia pekee ya kutokea ya nyumba ya ghorofa tatu, yenye boriti na mbao juu yake, ndani ya kichochoro ambacho gari la zimamoto halipiti. Usiongeze neno. Ami yako amekaa Mji Mkongwe umri wake wote. Ataiona njia ya wageni mwenyewe. Na nikwambie ukweli, hata kazi ikishakwisha, paneli hiyo na mashine ya maji kukaa pamoja chini ya ngazi haifai. Moja ihamishwe, na rahisi kuhamisha ni mashine.

Akikataa kabisa, basi kataa na wewe, kwa adabu na kwa sauti ya chini. Mtafute mtu mzima anayemheshimu, kaka yake au rafiki yake wa msikitini, umweleze kama ulivyonieleza. Sheria iko upande wako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, namba 8 ya mwaka 2005, inamtaka mwajiri awawekee wafanyakazi wake mahali salama, na wanaoisimamia wapo serikalini. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamkinga mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo mbele yake, na tangu 2022 usalama kazini umehesabiwa miongoni mwa haki za msingi za shirika hilo kwa nchi zote wanachama. Sikushauri uanze kwa kumshtaki ami yako. Nakushauri ujue kwamba hukatai kwa kiburi chako. Alikusomesha mpaka ukapata cheti, na kwenye cheti hicho ndimo ilimo elimu ya kumwambia hapana.

Mwenzako apelekwe kwa daktari wa macho, Mnazi Mmoja, kesho asubuhi. Jicho linalohisi mchanga mwezi mzima baada ya mwale wa umeme si la kungojewa, na chembe ya shaba inaweza kuwa imo. Dada wa kufua naye apimwe moyo, hata kama anasema hajambo.

Na kabla ya Jumanne hiyo, wakusanye watu wa zamu zote. Waoneshe meni iko wapi na inashushwaje. Mtu akinaswa, umeme ukatwe kwanza, asivutwe kwa mkono. Ikishindikana, asukumwe kwa ubao mkavu. Aliyeungua amwagiwe maji ya bomba ya kawaida kwa dakika 20, isipakwe dawa ya meno wala asali. Asiyepumua akandamizwe katikati ya kifua, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5, bila ya kuacha mpaka msaada ufike. Wawili katika kila zamu wajifunze hilo kwa mikono yao, na mmoja wao awe dada wa kufua.